Mnanaha wa Kangemi

Nyuma ya karakana, mvua ya Aprili imekatika,
Khasoa ananipa somo kwa pua:
"Nusa. Managu hunuka majani tu.
Huu unanuka panya aliyefia ukutani."

Nanusa. Ni kweli.
Ua lake jeupe, refu kama tarumbeta ya kanisani,
hufunguka jua likizama, likimwita nani, sijui.

Mbarika nao upo. Mbegu zake zina madoa mazuri;
zamani dadake alizitunga mkufu,
akauonja.
Hasemi zaidi. Anakaza leso.

Penye ua wa minyaa tunapita kimbavumbavu,
macho tumeyafumba nusu.

Jioni nachambua mboga, jani kwa jani,
na vidole vyangu navinusa
hata sufuria ikishachemka.