Herufi Moja

Sarafu ya Papa, alisema Padri Wolframi,
akaisogeza dirishani, miwani juu ya paji la uso.
Fedha tupu. Ya enzi ambazo Msimbazi ulikuwa bado mto tu
na viboko wake.

Upande mmoja mzee wa ndevu, pua imelika.
Upande wa pili hakuna mnyama wala mnazi:
shada la majani, na ndani yake maneno,
kama kanga inavyobeba jina lake pindoni.
Nami nikadhani ni bei.

"Ni onyo," akasema. "Waliipiga chapa
ili imseme anayeishika:
*Mwenye tamaa hatashiba.*"
Akacheka, kikohozi kikamkatiza.
"Ila tazama, kile kineno cha kukanusha kimefutika.
Vidole gumba vya miaka mia tatu
vimepita papo hapo."

Nilishuka ngazi nikiipigia hesabu kwa lugha yetu.
Ni herufi moja tu.
Ng'oa h:
mwenye tamaa atashiba.

Babu alitunza sakristia Kurasini.
Aliitoa wapi, hakusema. Aliifunga kwenye leso ya buluu
pamoja na risiti ya baiskeli
na jino la sijui nani.
Sasa dada Skolastika amelazwa Amana,
na dirisha la malipo halipokei leso.

Mtaa wa Mkunguni, mezani kwa sonara Vithaldas.
Gramu kumi na sita. Elfu arobaini na nne.
"Na maandishi?"
"Maandishi hayana uzito, dada."
Uongo. Yameinuka, ni fedha ileile;
ukiyakwangua kwa tupa
vumbi lake linanunua sahani ya chipsi.
Nikataka hamsini. Akatikisa kichwa.
Tukavutana juu ya onyo
mpaka umeme ukakatika, feni ikasinzia,
tukakubaliana arobaini na sita.

Akawasha mtungi wa gesi palepale.
Maneno ndiyo yaliyotangulia kulainika,
kisha pua, kisha duara zima
likatetema kama kiini cha yai.

Alihesabu noti za elfu mbili mbili gizani,
akilowesha kidole.
Nilipofika Mtaa wa Nyamwezi nikazirudia:
moja imezidi.

Nikasimama katikati ya njia.
Mwenye mkokoteni wa vitunguu akanifokea nipishe.
Nikapisha, kwa kwenda mbele,
kidole gumba changu
kikiisugua ile iliyozidi.