Mita Mbili

Utepe wa kupimia nguo hausimami hewani,
kwa hiyo niliuacha shingoni
nikanunua futi ya chuma, ya maseremala,
pale Mbuyuni, baada ya kubishana,
nikaikata kwa mkasi ninaomkataza kila mtu kuugusa.

Mia na tano: nyonga za Mama Aikande.
Themanini na tisa: kifua cha mdogo wake.
Katikati, arobaini na tano mara mbili, mikono ya shati
isiyokutana, imeachiwa upenyo
wa kupokea waya wa dishi kuukuu.
Nikavibana juu ya bomba jeupe la maji.
Hiyo ndiyo antena. Usicheke.
Elinami, mpwa wangu, alicheka hadi akakaa chini,
kisha akapanda batini kuishika.

Wanaoanza huuliza: redio gani? Wati ngapi?
Mimi nina wati tano na betri ya pikipiki.
Uliza unasimama wapi,
na nini kimesimama mbele yako.
Mbele yangu, kaskazini, kasimama Kibo.
Wageni hulipa dola kumtazama.
Mimi namkwepa kama mtu anayenidai:
wimbi la mita mbili halijui kupinda,
likigonga mwamba ule safari imeisha,
Nairobi hawajui hata kama nimezaliwa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, mashindano yakafunguliwa.
Kanuni fupi: taja herufi zako za hewani,
mpe mwenzako alama ya usikivu, namba ya mfululizo,
na mraba ulipo. Wangu Kilo India Nane Sita.
Kila kilomita, pointi moja.

Nikaita. Nikaita Himo, nikaita Same, nikaita Voi.
Jibu: mvumo,
kama sambusa zinazokaangwa nyumba ya pili.
Saa kumi na moja akatokea daktari wa mifugo, Arusha,
sifuri sifuri moja, kilomita sabini na tatu,
akanipongeza kana kwamba nimejifungua.
Kisha sambusa tena.

Magauni mawili ya kipaimara yalikuwa yananisubiri.
Nikapiga pindo, sikio moja redioni.
Antena tukaiacha imeitazama Arusha,
kwa uvivu, si kwa maarifa.

Saa mbili na robo umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna.
Friji zikanyamaza, chaja zikanyamaza,
zile taa za bei chee zinazochafua hewa zikafa,
na mvumo ukashuka, ukashuka,
kama shuka inayovutwa taratibu kutoka usoni.
Chini yake palikuwa na mtu.
Alikuwa hapo muda wote.

"...Kilo India Nane Nane, Nane Nane..."

"Elinami! Kulia! Kidogo! Rudi! Hapo, usipumue!"

Hapo palikuwa Meru, na Meru haina redio.
Bwana yule, huko juu ya vilima vya Ngong,
alikuwa ameilenga Meru kwa upande wake,
nami kwa wangu,
mlima ukafanya kazi ya ukuta
ambao watoto wawili wasioonana wanaupigia mpira.

"Sifuri sifuri mbili," nikasema, sauti imepasuka.
"Sifuri arobaini na moja," akajibu.
Yeye kwangu wa pili,
mimi kwake wa arobaini na moja; sikujali.
"Jina Kyalo. Nani kashika antena? Inatetemeka."
"Mpwa wangu. Yuko juu ya bati."
"Mwambie Ngong inamshukuru."

Kilomita mia mbili ishirini na tisa.
Kalamu sikuiona gizani.
Niliandika kwa chaki ya kushonea,
kwenye gauni la watu, upande wa ndani.

Saa nne umeme ukarudi.
Mtaa ukashangilia, watoto wakapiga makofi.
Mimi peke yangu nilisonya.