Safu ya Kumi na Moja

Masjala yetu hapa Nansio ina dirisha moja,
nalo linatazama ukuta.
Ziwa nalisikia tu: honi ya kivuko asubuhi,
na harufu ya dagaa wa mwaloni, siku ya upepo.

Mimi ni karani. Sipimi mtu, sichomi sindano.
Kazi yangu majina.
Sukari iliyopanda naijua kwa wino mwekundu,
presha kwa mkwaju katikati ya namba mbili.
Safu ya kumi na moja imeandikwa MACHO.
Miaka sita nimefunua kurasa,
na safu ile ni nyeupe
kama makopa ya muhogo yaliyoanikwa mwambani.

Hakuna aliyekusudia.
Daktari aliuliza miguu, akauliza mkojo,
foleni ilifika hadi bombani,
na macho, kwa kuwa maradhi haya hayayaumi,
yalikaa mwisho wa benchi kama mtoto mpole
mpaka kliniki ikafungwa.

Ndipo Sista Nyanjige akaingia, mikono kiunoni:
"Majura, nataka wenye sukari wote wa kisiwa hiki,
na siku ya mwisho kila mmoja alipotazamwa nyuma ya jicho."
Nikacheka. Siku ipi hiyo?
Hakucheka.

Tukaanza na masika. Faili kwa faili,
vumbi puani, kompyuta ikizimika
kila umeme ulipokohoa.
Nikamkuta Bahitwa Mugeta.
Kesho yake nikamkuta Bahitwa Mgeta.
Alhamisi, B. Mageta, fundi cherehani, Bukindo.
Watu watatu karatasini,
mwaka mmoja wa kuzaliwa,
kovu moja kwenye kidole gumba.

Wa kwanza alikuwa na sukari.
Wa pili alipigwa picha ya macho, wageni walipokuja na mashine,
na mtu akaandika: damu jicho la kushoto,
arudi baada ya miezi mitatu.
Wa tatu alirudi kweli. Alikuwa anakohoa.
Akapewa dawa ya kikohozi.

Niliutazama mwandiko wa huyo Mgeta,
ile g yenye mkia uliopinda.
Ni wangu.

Orodha ilipotimia walikuwa mia na arobaini na watatu.
Nikapiga simu. Nyingine zilipokewa na wajukuu,
mbili zilipokewa na kilio.
Limi wa sokoni alikuja siku hiyo hiyo,
mwanamke aliyekuwa akitambua noti kwa kidole
na kusema ni mazoea tu.
Waswahili husema macho hayana pazia;
ya Limi yalikuwa nalo, likishuka taratibu.
Alitiwa matone, akakaa kivulini akilalamikia mwanga,
na kwenye kioo cha mashine nikaliona jicho lake kwa ndani:
duara la rangi ya chungwa, mito myekundu,
na vidoa vitatu ambavyo bado vilikuwa vidogo.
Limi, kwa Kisukuma, ni jua.
Tarehe yake niliiandika kwa mkono uliotulia.

Bukindo nilikwenda mwenyewe, kwa baiskeli.
Cherehani ilikuwa imefunikwa kanga.
Mjukuu ndiye anayetunga uzi, alisema mzee,
na suruali sasa anakata za watoto tu,
kitambaa kikiharibika hasara ni ndogo.
La kushoto limekwisha.
La kulia, Sista anasema, likiwahi Mwanza wiki hii,
linaweza kubaki naye.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu kivukoni.
Yote yakanikauka.
Nikamwambia habari ya ile herufi.
Alinyamaza, akipapasa ukingo wa meza
kama anayetafuta sindano iliyoanguka.
"Kwa hiyo nilikuwa watatu," akasema,
"na hakuna hata mmoja aliyeona."

Kisha: "Kalamu unayo?"
Ninayo.
"Andika tena. Kwa sauti, nisikie."
Nikafungua daftari juu ya goti, safu ya kumi na moja,
nikaanza jina lake polepole:
Em.
U.