Unene wa Barafu

Kila alfajiri Hjalmar Stoor hutoboa mto kwa keekee,
hushusha fimbo yenye alama, kisha huandika kwa chaki
kwenye ubao wa forodha, hapa Haparanda:
sentimita sitini na mbili.
Inabeba mtu. Inabeba farasi na shehena ya nyasi kavu.
Chini yake, tangu Jumatatu, mkono usio wake umeongeza:
Je, mzinga?

Mimi ni mpanga barua. Sina siasa, nina visanduku.
Ng'ambo ni Tornio, naiona moshi wake nikipiga mihuri,
na nyuma ya Tornio Ufini nzima inachinjana,
Weupe huku juu, Wekundu kule kusini.
Barua za kusini hunirudia. Nazifunga kwa kamba,
nazipanga chini ya meza, na miguu yangu
imejifunza kukaa pembeni.

Jumapili tulikusanyika ukumbi wa shule,
harufu ya sufu iliyolowa, taa mbili, kiti kimoja kizuri.
Mwuza dawa Nordvall alipanda juu ya kile kiti:
"Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji!
Stockholm ilete majeshi, moto haujavuka."
Seremala Lundbäck, kofia kichwani:
"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime."
"Jembe lipi?" sauti ikatoka nyuma. "Shamba liko chini ya theluji."
Tukacheka. Nakiri, tulicheka.

Nilimwinulia mkono Nordvall.
Kisha nikamwinulia Lundbäck.
Katibu alinihesabu mara mbili,
akanitazama, akaendelea.

Ndipo wakamwita Eedla Niskanpää,
aliyevuka mchana ule akivuta cherehani kwenye sleji.
Alisema Kifini; mimi, kwa ulimi wa mama yangu, nikafasiri.
Oiva, mwanawe wa kwanza, amefunga kitambaa cheupe mkononi.
Urho yuko Tampere, kiwandani, na bunduki aliyopewa juzi.
"Mkija," akauliza, "mtanipigia hodi mlango upi?"

Lundbäck akavua kofia, akidhani ameshinda.
Mama hakuwa amemaliza.

"Na msipokuja,
nani atamshika mkono aliyekwisha kuinua shoka?
Jirani yangu walimtoa kitandani na soksi moja."

Hili nilichelewa kulifasiri.
Nilitafuta neno la soksi, nikalipata,
nikajifanya ninalitafuta bado.
Alipoketi aliuliza kama kuna duka la sindano.
Yake ilivunjika njiani.

Sixten wa Nordvall hakungoja Stockholm.
Ana miaka kumi na minane. Alivuka Alhamisi usiku
kwa skii za baba yake, na mkate, na bendeji
alizozichota dukani bila kuaga.
Tangu hapo mwuza dawa hatamki tena neno majeshi.
Huja posta kabla sijafungua, husimama,
huniuliza kwa kidevu tu.

Sasa ni Aprili. Ubao unasema arobaini na nne,
kisha thelathini na nane, kisha: farasi asipite.
Hjalmar hufuta tarakimu kila siku kwa mkono wa koti.
Lile swali la chini halifuti.
Nilimwuliza kwa nini. Akasema hakuliandika yeye.

Gazeti linasema bungeni wangali wanajadili.
Leo imefika bahasha ya penseli, haina stempu,
na sheria yataka mpokeaji alipe maradufu.
Nordvall alilipa, akasahau chenji,
akaondoka nayo bila kuifungua,
ameishika kwa mikono miwili
kama mtu anayebeba bakuli lililojaa.

Juu ya posta, chumba nilichompangisha Eedla,
cherehani inakwenda tangu asubuhi.
Anashona nini, na rangi gani,
sijapanda kuuliza.