Julai Haikuiua

Ilinigomea kivukoni, mbele za watu,
mlango wa pantoni umeshashushwa Kisorya,
nyuma yangu lori la machungwa ya Ukerewe,
mbuzi sita, bodaboda zisizo na subira,
nami ndani ya Hiace yangu nazungusha ufunguo:
tk.
tk.
Kama mtu anayesonya.

Abiria walinisukuma, Mungu awape heri,
hata mama mwenye mtoto mgongoni aliweka bega.
Nikatoka pantoni kama jeneza,
kwa nguvu za majirani.

Gari hili ndilo karakana yangu na chumba changu:
cherehani nyuma ya kiti, godoro juu ya majora,
sketi za shule zinaning'inia badala ya mapazia.
Shule zikifunguliwa Julai, nami nina kazi.
Na Julai hiyohiyo upepo wa ziwa
hupenya kwenye mpira wa mlango uliochakaa,
hunikuta nimejifunika vitambaa vya wateja.

Nyakato, Fundi Lubango hakufungua boneti kwanza.
Aliuliza, "Betri ina miaka mingapi?"
Mitano, nikasema. Akacheka kwa pua.
"Baridi unaisingizia, dada. Baridi haiui betri,
baridi huiumbua tu.
Iliyoiua ni jua la Januari, kule Lamadi,
ulipoiegesha mchana kutwa, maji yakipungua ndani,
nawe hukufungua hata kizibo kimoja."

Nilinyamaza.
Nilimkumbuka Mugeta, aliyeondoka mwezi kama huu,
nami nikaulaumu mwezi.

Dukani kulikuwa na moja yenye radi ya dhahabu ubavuni,
bei yake nyororo. Kijana wa duka aliisifu kama mshenga.
"Inyanyue," Lubango akasema. Nikainyanyua.
"Sasa na hii."
Hii ilinivuta bega, kama ndoo ya kisimani.
"Betri nzito ina risasi. Nyepesi ina maneno."
Akavaa miwani, akatafuta muhuri:
imezaliwa lini,
imekaa rafuni misimu mingapi ikijila yenyewe;
chanya iko kulia au kushoto, waya usije ukavutwa
kama shingo ya mbuzi asiyetaka mnada.

Ilizidi pesa zangu kwa elfu sabini.
Mwenye duka ana mapacha wa darasa la tatu.
Nikawapima mabega palepale, juu ya katoni za oili.

Hasi kwanza, kwa spana namba kumi.
Vichwani palikuwa na unga wa kijani,
ukungu wa mkate uliosahaulika;
akaumwagia magadi na maji ya moto, ukachemka, ukalia.
Kisha chanya. Kisha kibano cha chini,
kilichoshikwa na kutu, kikaachia kwa matusi.
Mpya ikakaa. Sasa chanya kwanza, hasi mwisho.
"Aliyetangulia kutoka hurudi nyuma ya wote,"
akapaka grisi kwa kidole,
taratibu, kama anampaka mtoto mafuta.

Ya zamani aliipima pia, sijui kwa nini.
Kumi na moja na nukta tisa.
"Kuamsha, basi tena. Taa moja inaweza.
Ila usilale nayo ndani, inapumua sumu."
Nilifikiri kidogo, kisha nikamwita mnunuzi wa vyuma.
Akaiweka kwenye mzani. Nikamwambia aibebe wima,
isimwagike.
Hakuwa ameniuliza.

Jana nimelala Kisorya tena, hatua chache kutoka foleni.
Saa kumi na moja alfajiri, vioo vinatiririka,
vidole vimekakamaa hata kifungo hakishikiki.
Ziwa halionekani, linasikika tu likijaribu mawe.
Ufunguo.
Taa ya plagi ikawaka njano, nikahesabu,
ikazimika.
Injini iliitika kabla sijamaliza kuita.

Nikaizima.
Nikaiwasha tena, kuisikia tu.
Lubango angenitukana.