Kuzimua

Mwalimu Ndelilio aliandika neno refu ubaoni,
la kigeni, silabi zikigongana kama sufuria,
akageuka: "Kwa Kiswahili?"
Kidato cha tatu, Kibosho, mvua juu ya bati.
Mmoja akasema kutuliza. Mwingine, kusawazisha.
"Hilo la kiwanja," akasema. "Bado."

Mimi nilikuwa nimeshika bureti,
jicho usawa wa mstari,
soda ikidondokea tindikali:
tone, tikisa. Tone, tikisa.
Waridi linachungulia, linajificha.
Tone, tikisa, tone,
nikapiga chafya.
Chupa nzima ikawa juisi ya rozela.
"Umepita," mwalimu akasema,
"na ulipopitia hapaonekani tena. Anza upya."

Jioni mama alikuwa anakoroga kiburu,
maharage ya dukani, magumu kama kokoto.
Akamega magadi, kipande kisichozidi ukucha,
akayaloweka, akamimina maji, tope akaliacha.
Povu likapanda, likanong'ona, likashuka.
"Unapimaje?"
"Kwa kuogopa," akasema. "Yakizidi, mnakula sabuni."

Nikamweleza ya darasani: ukali huu na ukali ule,
kila mmoja peke yake unachoma kidole,
vikikutana kwa kipimo hubaki chumvi na maji,
wala hakuna aliyeshinda.
"Kumbe mnajifunza kuzimua," akasema,
kama vile nimelipa ada
kujua maji ya kuoga yanapoozwaje.

Kisha akajaza bakuli, akafunika kwa sahani.
"Mpelekee baba yako mdogo."
Kijiko kikanikaa mkononi.
Tangu mpaka wa kihamba uhamishwe,
misimu miwili ya kahawa,
Anaeli hajatuitikia hodi.
Hakuweka jani la isale juu ya bakuli;
hilo lingekuwa kumwaga bureti yote.
"Usimwambie maneno. Mpe, rudi."

Alipokea akiwa amesimama mlangoni,
taa ya chemli nyuma yake, uso sikuuona vizuri.
Akaonja. Akatafuna muda mrefu
kuliko ndizi inavyohitaji.
"Magadi yamekaa," akasema,
akafunga mlango.

Nikabaki uani, matope yakinifika kwenye vifundo,
nikiutazama ule mlango kama ninavyotazama chupa.
Haujageuka rangi, hapana.
Ila pale tone lilipoangukia,
kwa kitambo cha kupepesa jicho,
waridi.