Unafuga Maji?

Brno, ghorofa ya tano, bahari mbali mno.
Radovan alikoroga chumvi ndooni kwa mwiko wa supu,
akamimina juu ya mawe, akawasha pampu,
kisha akatumbukiza kamba mmoja wa dukani, aoze.

"Samaki wako wapi?" mwanawe aliuliza kwenye simu.
"Bado, Vítek. Maji yangali mabichi."

Kila akitoka kuendesha tramu
hudondosha dawa kichupani, hutikisa,
huinua penye taa: kijani. Sumu.
Wiki ya tatu, zambarau:
sumu nyingine, binti wa ile ya kwanza.
Mawe yakaota utando wa kahawia.
Bi Drahomíra wa chini akachungulia, akacheka:
"Unafuga maji?"

Naam. Na visivyoonekana ndani yake,
vinavyokula sumu, vikizaana matunduni mwa mawe.
Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hapa mwenyeji apone kwanza.

Chupa zake mwenyewe alizitupa siku ile ya kamba.
Kitanda kidogo kingali ndani ya boksi.

Leo kichupa kimoja manjano, cha pili samawati.
Anarudia kupima. Haamini.
Anatafuta bisibisi,
anaanza na kitanda.